Mama Mkwe Mstari wa Mbele

Jumatatu, 4 Machi

Nimetukanwa hadharani! Tusi lenyewe: "shabiki". Aliyelitamka ni Mpiga Picha, yule wa picha za pasipoti mkabala na duka letu la miwani, tena mbele ya klabu nzima ya filamu. Nilikuwa nimesema tu kwamba anayetaka kuijua bendi ya roki ya Nyundo atazame filamu ya tamasha, aone watu wakitoka jasho. Asipoteze muda na dokumentari ambamo wazee wanne wamekaa kwenye makochi wakisingiziana. Yeye akajibu kwamba tamasha ni taa na kelele, ukweli uko kwenye dokumentari, na mimi si mchambuzi, ni shabiki. Watu wakacheka. Hata mkutubi alicheka, na yeye ndiye hutunyamazisha, maana tunakutana maktabani kwake.

Mwenyekiti wetu anahama. Basi imeamuliwa: Jumamosi mimi na Mpiga Picha tutalinganisha filamu hizo mbele ya wanachama, na atakayewavutia zaidi ndiye mwenyekiti mpya. Mwenyekiti huchagua filamu za mwaka mzima. Tena projekta hukaa nyumbani kwake!

Tatizo dogo. Sijatazama hata moja. Bendi ya Nyundo naijua kwa fulana tu.

Nilitaka kuanza leo leo, haikuwezekana. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti changu, rimoti mapajani. Alikuja kutusalimia mwezi wa kumi na mbili. Bado anatusalimia. Nilipoomba kwa adabu zote niweke muziki kidogo, alisema roki ni sauti ya mabati yanayong'olewa na upepo, na kichwa chake si paa.

Jumanne, 5 Machi

Akili ni mali! Nimegundua njia ya kutazama filamu mbili kwa muda wa moja. Dokumentari kwenye kompyuta ya duka, tamasha kwenye simu, kila sikio na lake. Dokumentari inaitwa Nyuma ya Kelele. Tamasha linaitwa Usiku Mmoja Tu. Bosi, daktari wa macho, alikuwa chumba cha ndani na wagonjwa.

Mambo ya kutisha! Sikio la kushoto, mpiga ngoma amekufa, wenzake wanalia kaburini. Sikio la kulia, mpiga ngoma yuleyule anavunja vijiti na kuitisha vingine. Nikapiga ukelele: Yuko hai! Mama mmoja aliyekuwa akijaribu fremu alishtuka akaziangusha, na hazikuwa fremu za kuangushwa. Nikaandika: dokumentari ni uongo mtupu, wamemzika mzima. Baadaye nikatambua kwamba tamasha lilirekodiwa miaka kadhaa kabla ya msiba. Nimeufuta mstari huo. Nilikuwa nimeshaupenda.

Jingine. Mwimbaji anaanza wimbo na koti jekundu. Kufika kwenye kiitikio, koti jeusi! Amebadilisha saa ngapi, na mikono haijaachia kipaza sauti? Nimeandika: mtu wa ajabu.

Jumatano, 6 Machi

Naandikia stoo.

Katika wimbo wa tatu wa Usiku Mmoja Tu kamera inaliacha jukwaa na kuwageukia mashabiki. Mstari wa mbele, juu ya mabega ya mwanamume, kuna msichana. Nywele timtim. Mdomo wazi hadi kilimi kinaonekana. Machozi yanamiminika. Shavu la kushoto lina baka jeusi. Nikaisimamisha picha. Nikachukua kioo cha kukuzia cha daktari. Baka lilelile! Pua ileile! Nyusi zilezile ninazokunjiwa kila nikichelewa kuamka!

Mama mkwe.

Nikakaa juu ya maboksi. Mama mkwe wangu mimi! Mwanamke anayewakemea majirani kwa kufunga mlango kwa kishindo! Na mabega yale si ya baba mkwe. Marehemu picha yake iko ukutani sebuleni: mfupi, mwembamba, mpole. Huyu wa kwenye filamu ni pandikizi la mtu.

Wakati huo kulikuwa na mzee anayesubiri kupimwa macho. Kumbe alizisoma herufi za ukutani peke yake, kwa sauti, juu hadi chini, mimi nimempa mgongo. Alipomaliza akajisifu, akaondoka na miwani ya mtu mwingine. Bosi akaniita na kuniuliza nilikuwa nikitazama nini cha maana hivyo. Nikasema: familia.

Alhamisi, 7 Machi

Siri ni silaha, lakini sharti ionyeshe makali kidogo. Asubuhi, mke wangu akiwa bafuni, nikamuuliza mama mkwe kwa sauti ya mbali kama aliwahi kufika kwenye tamasha lolote ujanani. Akasema ninywe chai, inapoa. Anakwepa! Nikaongeza kwamba kamera hazisahau. Akaniangalia, akauliza kama nina homa.

Jioni nikapiga hatua. Nilisema, kwa heshima lakini kwa uzito, kwamba kuna mambo nayajua, na kwamba ningependa kiti changu. Akanipisha palepale! Nilikaa kama sultani. Mguu wa kiti ukang'oka, nikaenda chini na chai yangu. Mama mkwe akasema alikuwa anataka kuniambia tangu juzi kwamba mguu umelegea na yeye amekuwa akiukalia kwa ujanja, lakini nilionekana mtu mwenye haraka.

Mke wangu aliniuliza nimemfanyia nini mama yake. Nikasema Jumamosi aje naye maktabani, wote wawili, kuna zawadi.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango umekamilika. Nitawaonyesha kipande kile, nitakisimamisha, nitasema: Dokumentari yenu imewahoji meneja, dereva na mpishi wa bendi, lakini ni filamu ya tamasha peke yake iliyomnasa shabiki wa kweli, na shabiki huyo yumo humu ukumbini! Makofi. Uenyekiti. Na mama mkwe, kwa aibu, atakumbuka kwamba ana nyumba yake.

Kuna sauti ndogo iliyoniuliza mke wangu atajisikiaje akiona mabega yale. Nimeijibu kwamba ukweli haumuui mtu.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi. Nimekunywa maji ya baridi glasi nzima.

Ukumbi ulijaa. Mke wangu na mama yake walikaa katikati, mama mkwe na mkoba wake mapajani kama yuko kituo cha basi. Mpiga Picha akaanza. Nakiri alijiandaa. Alionyesha jinsi dokumentari inavyompa kila mwanabendi nafasi ya kueleza kwa nini walivunjika, na kila mmoja ana sababu yake, na hapo katikati ya waongo wanne, alisema, ndipo ukweli ulipojificha. Watu wakaguna kwa kuridhika. Kisha akasema atafunga na picha moja. Akaibonyeza.

Msichana wangu! Mabega yaleyale! Machozi yaleyale! Kumbe nao wamekitia kipande hichohicho kwenye dokumentari, sehemu ambayo sikio langu la kushoto lilikuwa na mteja. Na msimulizi, kwa sauti nzito, anasema: haya ni machozi ya kizazi kizima.

Nilisimama bila kujua nimesimama.

"Huyo ni mama mkwe wangu!"

Mkutubi akaisimamisha picha. Shingo zote zikageuka. Mama mkwe akavaa miwani yake, ambayo nilimtengenezea mimi mwenyewe, akaitazama skrini kwa muda. Akainuka polepole.

"Ni mimi," alisema. "Nani anabisha?"

Mke wangu alikuwa amemshika mkono. Sauti yake ilitoka nyembamba.

"Mama. Na huyo aliyekubeba ni nani?"

"Fundi umeme wa ule ukumbi. Hata jina simjui."

Akaeleza. Alikuwa anajifunza ushonaji. Karakana yao ilishona mapazia ya jukwaa, wakatumwa kuyatundika mchana. Ukumbi mtupu, bendi imelala hotelini. Wakaja watu wa kamera wanalalamika: siku za onyesho walipiga picha lakini mashabiki wako gizani, hawaonekani sura. Wakawakusanya washonaji, mafundi na wafagiaji, wakawapanga mbele, wakawaambia wapige kelele.

"Mbele ya nani, mama?" aliuliza mkutubi.

"Mbele ya ufagio. Walifunga ufagio kwenye kile chuma cha kipaza sauti, wakatuambia, huyu ndiye mwimbaji, mpendeni."

Mpiga Picha aliuliza, kwa sauti ya mtu anayezama, na machozi je? Yale ya kizazi kizima?

"Mimi naogopa kupanda juu, baba. Hata kwenye stuli. Yule fundi kanirusha mabegani bila kuniuliza. Tazama mdomo wangu."

Mkutubi akarudisha nyuma, akazima sauti. Ukumbi mzima ukakodolea macho ule mdomo. Ni-shu-she. Ni-shu-she. Ni-shu-she! Walicheka mpaka mtu mmoja akateleza kwenye kiti. Usiku Mmoja Tu! Usiku gani? Mchana kweupe, na ufagio! Nikalikumbuka koti jekundu lililogeuka jeusi, kumbe ni siku mbili zilizoungwa kuwa wimbo mmoja, nikatamani ardhi ipasuke. Na dokumentari nayo, mama wa ukweli, imekichukua kipande hicho bila kumuuliza mtu. Mpiga Picha alikuwa amekaa, kichwa ameshika. Tulitazamana. Kwa mara ya kwanza sikumchukia.

Lakini mke wangu hakuwa anacheka. Mama yake akamwinamia.

"Kumbe ulikuwa unamtafuta baba yako? Si yule. Chini, pembeni kulia. Mwenye viatu vyangu."

Tukaangalia. Mimi, mwenye kioo cha kukuzia, mtu wa duka la miwani, sikuwa nimemwona. Kijana mfupi, mwembamba, amekumbatia viatu vya kike kifuani. Umati wote umeukazia macho ufagio na kupiga mayowe. Yeye peke yake anatazama juu, kwa msichana, na mkono mmoja ameunyoosha kumdaka akianguka.

"Ndiyo siku tuliyojuana," alisema mama mkwe. "Yeye alikuwa mbeba mapazia. Filamu yenyewe sikuwahi kuiona. Alikuwa akiniambia tumo, nikidhani ananitania."

Hakuna aliyecheka tena. Mke wangu alikuwa analia. Mkutubi akanyoosha mkono kuizima projekta.

"Iache kidogo," alisema mama mkwe. "Iache kwanza."

Ikaachwa.

Baadaye wakapiga kura. Mpiga Picha mwenyewe alimpendekeza mama mkwe awe mwenyekiti. Mikono yote juu. Wangu haukuwa juu. Nilijipigia mimi.

Jumapili, 10 Machi

Projekta imefika nyumbani kwetu! Iko chumbani kwa mama mkwe. Amesema, kwa kuwa klabu imemwamini, atabaki mpaka mwaka wake wa uenyekiti uishe.

Mke wangu hajanisemesha tangu jana, isipokuwa kuniambia niombe radhi. Nimeomba. Nilisema nasikitika kama alishtuka. Mama mkwe akasema hakushtuka, aliyeshtuka ni mimi, alinisikia nikinywa maji. Kisha akaniambia: Mwanangu, siku nyingine ukiniona mahali, niulize tu. Ningekuhadithia hata Alhamisi ile, na wewe ndiye ungepata makofi.

Nimelitafakari neno hilo mchana kutwa. Lina busara. Nimekitengeneza na kile kiti, nikamrudishia. Wamekaa yeye na binti yake, wanarudia kipande cha kijana mwenye viatu, na sauti ya roki imefunguliwa hadi mwisho. Majirani wamegonga mlango. Mama mkwe amewaambia wavumilie.

Mimi ni mtu mpya.

Jumanne, 12 Machi

Mungu wangu!

Mama mkwe ameteua dokumentari ya bendi nyingine ya roki, na mimi nimepewa kazi ya kuikagua kama inacheza bila kukwama. Imecheza. Uwanja wa ndege, mashabiki wamevunja uzio, polisi wanamburuta kijana mmoja tumbo wazi, ameng'ang'ania sanduku la gitaa lisilo lake. Nikasimamisha picha. Nikakuza.

Daktari wa meno! Yule mwenye vyeti ukutani, anayenihubiria sukari! Ni kweli sura yake sijawahi kuiona yote, kila siku amevaa barakoa. Lakini macho ndiyo kazi yangu, na macho ni yale.

Niulize? Ng'o! Wa kuulizwa hukana. Jino langu la nyuma limeanza kuuma tangu asubuhi, nimeshachukua nafasi ya Alhamisi. Nitamwambia kwa upole kwamba najua kila kitu, na kwamba rafiki hamtozi rafiki. Nitachagua wakati mzuri: nimeshalala kwenye kiti chake, mdomo wazi, yeye ameshika ile mashine yake inayolia. Hapo hatakuwa na pa kukimbilia.