Kopo la Ada na Ajenda ya Mengineyo

Lionel Tranter alikuwa kwenye foleni ya pai, hapa kwetu Stockport, Uingereza, aliponusa harufu ya pesa za watu. Mbele yake Beryl Ackroyd, karani wa kiwanda cha vigae, alikuwa anamtapikia shoga yake nyongo.

"Ofisi nzima naiendesha mimi, leo bosi ananiambia nafasi ya umeneja mpaka uwe na stashahada ya menejimenti ya utawala! Nisipoipata kabla ya kiangazi, anampa mpwa wake. Lile jitu hata fotokopi halijui kuiwasha!"

"Si usome tu, shoga?"

"Nisome saa ngapi? Ingekuwepo njia ya mkato, ningelipa leo hii."

Njia ya mkato! Lionel alisahau njaa. Alikuwa mtu wa suti moja nzuri, ulimi wa asali, na dhamiri ambayo hajawahi kuitumia, ingali kwenye nailoni yake. Wiki hiyohiyo akapanga chumba juu ya duka la mazulia, akabandika kibao cha Chuo Kikuu cha Watawala, akatangaza neema: masomo ya jioni, mtihani hakuna, stashahada ya uhakika.

Wakaja makarani wa kila aina. Tusidanganyane, wote walijua stashahada haipatikani hivyo. Walikuja kwa sababu hiyohiyo. Naye Lionel alipanga kukusanya ada jioni ya kwanza, atoke kidogo kutafuta chaki, na chaki hiyo aitafutie Uhispania.

Ila alisahau kabila lake. Waingereza hawawezi kukaa watu watano chumba kimoja bila kuchagua mwenyekiti. Kabla hajafungua mdomo, Norman Hebblethwaite, mtunza stoo wa halmashauri, ameshakuwa mwenyekiti wa darasa. Beryl ndiye katibu na mweka hazina, na ada zote zimo kwenye kopo la biskuti mapajani mwake.

"Hizo nipeni mimi," alisema Lionel, meno yote nje.

"Mwisho wa kozi, Mwalimu," alisema Beryl. "Ndio utaratibu. Au menejimenti ya utawala ni nini?"

"Safi sana! Nilikuwa nawapima tu."

Basi ikabidi afundishe kweli, maskini wa Mungu. Akaazima kitabu maktaba, asubuhi akikariri sura, jioni akiihubiri kana kwamba kaitunga yeye. Bajeti, majalada, mikutano. Kwenye mikutano ndiko alikonogewa. Hakuna kuropoka, hakuna kuruka ajenda, mkono juu kwanza! Siku moja Norman alipitiwa akaruka ajenda moja, Lionel akamwakia: "Asiyefuata ajenda si mtawala, ni mhuni!" Mhuni mwenyewe ndiye huyo anayefoka.

Ikafika jioni ya mwisho. Kopo limewekwa katikati ya meza, limejaa, mkono unalifikia. Mlango uko wazi. Mwizi wa taifa lingine lolote angelibeba akatimua mbio.

"Mwenyekiti," alisema Lionel, "kuhusu ile ada yangu..."

"Mwalimu!" Norman alishtuka. "Hiyo ni ya mengineyo. Sasa hivi tuko kwenye yatokanayo."

Lionel akaiva uso kwa aibu, akaomba radhi, akakaa. Amini usiamini, akakaa! Akasikiliza mjadala mrefu wa nani anamaliza maziwa ya chai ya wenzake. Kisha Beryl akasimama.

"Wajumbe, nimepiga simu kwenye taasisi yenyewe inayotoa stashahada, ile ya kweli. Chuo chetu hawajawahi kukisikia. Hilo tunaweza kuliandika kwenye muhtasari polisi wakalisoma, au tukaliacha." Alimtazama Lionel kwa upole wa kutisha. "Lakini tuliyosoma humu ndiyo hasa wanayotahini. Mie nilifuata karatasi tu, sikatai. Sasa nimeiva, na yule mpwa nataka nimpige chini kihalali. Natoa hoja: pesa za kopo zitulipie mtihani wao, sote."

"Naunga mkono!"

Moyo wa Lionel ulipiga yowe la mwizi aliyeibiwa. Mdomo haukusema kitu, maana hakuwa amepewa nafasi. Akanyoosha mkono haraka, aombe ruhusa ya kupinga.

"Wanaoafiki?" aliuliza Norman palepale.

Mikono yote ikapanda kuufuata wa Lionel.

"Kwa kauli moja! Na Mwalimu ndiye wa kwanza! Jamani, huo ndio uungwana."

Wakampigia makofi. Bibi mmoja alitoa leso akajifuta machozi. Beryl akalikumbatia kopo, akampiga Lionel begani. "Umetufundisha vizuri, mpenzi."

Kiangazi kilipofika, Beryl alikuwa amekalia kiti cha meneja, na mpwa anajifunza kuwasha fotokopi. Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile Norman aligeuza karatasi yake, akakohoa kidogo.

"Haya, sasa mengineyo. Mwalimu, si ulikuwa na jambo?"

Lionel alitazama kopo kifuani kwa Beryl, akatazama kalamu ya Beryl juu ya muhtasari. Akashusha mkono taratibu.

"Sina, Mwenyekiti."