Ua la Riboni la Mgongoni kwa Mwende

Leo nimejivua nguo mbele ya kanisa zima. (Si nguo hasa. Ingekuwa nguo, afadhali.)

Nawaambia mimi mwenyewe, marafiki zangu wa Mwingi, kabla lori la mbuzi halijawafikishia habari ikiwa imetiwa chumvi. Hii haihitaji chumvi.

Mnajua leo binamu yangu Mwende alikuwa anaolewa hapa Tulia. Mnajua pia anaolewa na Musyoka. Na kwa wale wanaojifanya wamesahau: Musyoka ndiye yule aliyekuja kwetu mwaka juzi akanywa chai, akarudi tena akanywa chai, halafu hakurudi. Basi. Chai tu. Lakini hapa kwetu watu hawasahau chai ya mtu.

Kwa hivyo nilitaka kila mtu aone sina kinyongo. Nikamwambia Mwende, "Maua yote ya riboni niachie mimi. Nitayatengeneza kwa mkono wangu."

Na nikayatengeneza! Wiki nzima pale sebuleni palikuwa peupe, huoni mkeka. Unakunja riboni huku, unakunja kule, inatoa masikio mawili. Unabana katikati kwa uzi, unafunika ule uzi kwa kipande kidogo, unakata ncha mshazari, halafu unazipitisha kwenye moto wa mshumaa zisifumuke. Niliunguza vidole. Niliunguza kitambaa cha meza cha mama. Kulikuwa na maua ya viti vya kanisa, maua ya Peugeot, maua ya vichwa vya wasichana. Riboni iliyobaki nikajitengenezea mshipi wenye mikia mirefu kwa mbele, nikaushonea kabisa kwenye gauni langu. Mimi nikishona, nimeshona.

Lakini lile la Mwende la mgongoni ndilo lilikuwa ua! Masikio kama ya punda, mikia inafika magotini. Nyanya yetu, Susu, alipoliona akashika mdomo. "Asi! Hata Nairobi hawana hii."

Nikavimba kichwa. (Susu hajawahi kufika Nairobi, lakini nilivimba tu.)

Leo asubuhi tukampakia bibi harusi kwenye Peugeot. Barabara ni ile mnayoijua, mashimo kwa mashimo, na Mwende ameegemea kiti njia nzima. Kufika mlangoni mwa kanisa, ua linaning'inia kwa uzi mmoja. Ndani kwaya imeshaanza kuimba.

"Kalekye, fanya kitu!"

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia. Sindano nilikuwa nayo kwenye kola, na uzi mzito nimeutia mara mbili. Fundi kamili! Nikapiga magoti nyuma yake. Nikalishika ua, nikashika na mkia, nikashona haraka haraka, kupita na kurudi, kupita na kurudi. Nikafunga fundo. Nikakata uzi kwa meno.

Riboni nyeupe juu ya riboni nyeupe. Nani angejua mkia niliouchukua ni wa nani?

Baba yake akamshika mkono, wakaanza kutembea. Mimi nikainuka niende zangu kwa mlango wa pembeni, nikakae na mama.

Sikwenda. Nilivutwa.

Nikaangalia chini. Mkia wa mshipi wangu umeingia ndani ya ua la Mwende, umeshonwa vizuri kweli. Nikivuta kwa nguvu, gauni lake linachanika, na gauni lenyewe ni la kuazima kwa mke wa pasta. Nikamwita, "Mwende! Mwende!" Kwaya ikanizidi sauti. Nifanye nini? Nikamfuata. Kila akipiga hatua, napiga hatua, nimekunja uso wa utakatifu kama mtu aliyepangiwa kuwa pale.

Watu wakaanza kugusana viwiko. Msimamizi wake halali alikuwa ameshasimama mbele kule. Sasa huyu ni nani?

Tukafika mbele. Kwaya ikanyamaza. Pasta akafungua kitabu, akasoma maneno mawili matatu, akainua macho.

"Kama kuna mtu yeyote mwenye sababu ya kuzuia ndoa hii, aseme sasa."

Jamani. Kanisa lote likaniangalia mimi! Niko hatua moja nyuma ya bibi harusi, nimesimama, natoka jasho. Musyoka akageuka, akaniona.

"Kalekye, tafadhali," akaninong'oneza. "Ilikuwa chai tu."

Ningeweza kusema neno la maana hapo. Badala yake nikamgeukia mama, aliyekaa benchi la kwanza, nikasema polepole, "Mama, kisu."

Polepole kwangu. Lakini kanisa lilikuwa kimya kabisa.

"Asi!" Susu akaruka kitini. "Anataka kisu!"

Hapo palichafuka. Mama yake Musyoka akamkumbatia mwanawe. Mwende akageuka kuniangalia. Alipogeuka, na mimi nikazungushwa. Akageukia upande mwingine, nikazungushwa tena, kama mbuzi aliyefungwa kwa mti.

"Kalekye, niachilie!"

"Siwezi!"

Pasta aliposikia "siwezi" akashuka, akaniwekea mkono kichwani, akaanza kunikemea pepo. Kwa sauti. Na kwaya (wale watu!) ikaanza kumwitikia.

Aliyeniokoa ni mama. Alikuja taratibu, akainua ile mikia ya riboni, akaichunguza kama anayechagua maharagwe, halafu akasema, "Pasta, huyu hana pepo. Ameshonwa."

Kicheko! Baba wa bibi harusi alikalia ngazi. Pasta mwenyewe aligeukia ukuta, nikaona mabega yanaruka. Mama akainama akakata uzi kwa meno, lakini uzi aliokata si ule. Ua lote likang'oka mgongoni kwa Mwende, likabaki kiunoni kwangu. Na hivyo ndivyo nilivyotembea mpaka kwenye benchi, na masikio ya punda yakinipiga tumboni.

Ndoa ikafungwa. Mwende hakukasirika, alinikumbatia akacheka mpaka poda ikaharibika. Nikafikiri yamekwisha.

Kumbe aibu yenyewe ilikuwa bado. Wakati wa kula, mama yake Musyoka alikuja akanishika mikono yote miwili, macho yamemlegea kwa huruma. "Usijali mwanangu. Utapata wako."

"Mama, ilikuwa uzi."

"Najua, mwanangu. Najua."

Akaja mwingine, akanijazia wali. Akaja wa tatu, akaniambia ana mpwa wake mwalimu. Kila nikieleza habari ya uzi, wananiangalia kama mgonjwa. Mpaka sasa hivi ninavyowaambia, uso wangu una moto.

Kesho ni Jumapili, kanisa ni lile lile, na pasta ameshatangaza nitaombewa tena, safari hii nipate mume. Mkitaka kucheka, chekeni huko huko Mwingi mmalize, ndiyo mje.