Mkunga Amesema

Jumatatu, 6 Aprili
Nimeteuliwa msimamizi wa afya wa jengo zima! Mwenye nyumba kanipa kofia na chaki. Nimechora maduara kumi bombani, kila duara mtu mmoja na ndoo yake. Hakuna aliyesimama ndani. Fundi cherehani akauliza kwa sauti kama leo tena nina zulia la kufua. Watu wana kinyongo! Mwaka jana niliwatangazia kuwa maji yamekatika siku tatu, kumbe nafua zulia. Siku tatu tu! Chumbani mama anakohoa. Pumu yake haina utani, na ugonjwa huu wa mapafu ulioenea mjini ukipanda ngazi utaanza na yeye. Naogopa sana.

Jumatano, 8 Aprili
Akili ni nywele, na mimi nina msitu! Wote humwamini mkunga wa namba saba. Nusu ya watoto wa jengo hili kawapokea yeye. Basi nimebandika tangazo: MKUNGA AMESEMA, BARAKOA BOMBANI NA KILA MTU DUARANI MWAKE. Wametii bila kunung'unika. Fundi kavaa barakoa mbili.

Alhamisi, 9 Aprili
Nimeongeza kidogo tu: mkunga amesema msimamizi achote maji kwanza. Pia apelekewe ndoo mlangoni. Fundi akaenda kumuuliza mkunga mwenyewe. Aibu niliyoipata! Kibaya zaidi, sasa hata akisema mkunga mwenyewe hawaamini. Barakoa zimeshuka kidevuni, watu wamebanana bombani. Nimeziba chini ya mlango wa mama kwa shuka. Nimejichukia.

Jumamosi, 11 Aprili
Mkunga kanitembeza mlango kwa mlango, yeye hatua mbili nyuma yangu. Alisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika ukutani. Nikakiri uongo wa tangazo na wa maji. Kwa fundi nikashindwa kuendelea. Nikamwambia mama ana pumu, sina mwingine duniani, nikalia kama mtoto. Fundi akasema ningeyasema hayo tangu Jumatatu.

Jumapili, 12 Aprili
Kila mtu duarani! Fundi kamshonea mama barakoa ya maua, kaiacha mlangoni. Mama kacheka. Nimetafakari sana siri ya ushindi huu. Ni machozi! Wananiamini kabisa sasa, na nafasi kama hii haiji mara mbili. Kesho nawalilia wanipishe bafu kila asubuhi. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: jicho la kulia linatoa machozi, la kushoto bado ni kaidi.