Koti la Theluji Mbele ya Wakwe

Nimeaibika leo. Tena si aibu ya kujikwaa sokoni ukainuka ukajipangusa. Ni aibu ya kukaa kwenye kiti chako mwenyewe, nyumba uliyoijenga mwenyewe, mbele ya wakwe, na zipu inaning'inia kidevuni.

Nawaandikia nyinyi wenzangu wa kundi hili la wenye mashine za kusaga kwa sababu najua mtasikia tu. Wa Nkoma mtasikia kesho asubuhi, wa Migato jioni, na wa Mkula itawafikia ikiwa imeshaongezwa kwamba nilikuwa uchi. Sikuwa uchi. Ndiyo maana nimekaa kuandika kwa kidole kimoja, mimi wa darasa la tatu.

Kwanza koti. Nililiona miezi mitatu iliyopita kwenye mtumba, siku ya mnada. La buluu, nene kama godoro, lina kofia yenye manyoya. Muuzaji akaniambia, "Mzee, hilo liache. Kwa jua la huku litakuua." Nikalinunua hapo hapo. (Mtu akiniambia jambo haliwezekani, mfuko wangu unafunguka wenyewe. Ndivyo nilivyopata mashine ya pili. Ndivyo nilivyopata pia hasara ya alizeti.)

Sasa niseme nililokuwa sijamwambia mtu. Nina karatasi. Ya daftari, yenye mistari. Nimeandika humo mahali ninapotaka kwenda duniani kabla miguu haijakataa. Nimeiandika taratibu, mwaka wa pili huu, redio ikitaja mahali nami naongeza mstari.

Kwa nini niifiche? Kwa sababu ya Mwalimu Maduhu. Mwalimu huyu ni mstaafu, jirani yangu hapa Bariadi. Zamani alipelekwa Ulaya kwenye semina, wiki mbili, na mpaka leo hajarudi. Umerudi mwili tu. Msibani anasimulia theluji. Kikao cha shule, theluji. Ukimwomba jembe, atakupa, lakini utapita kwenye theluji kwanza. Na anayemnyamazisha siku zote ni mimi. Namwambia, "Mwalimu, theluji ni barafu. Njoo dukani kwangu nikufungulie friji uitazame." Watu wanacheka. Nina pia msemo wangu: safari ni za mtu asiye na ng'ombe wa kuangalia. Vijana wanaurudia huko njiani kana kwamba umeandikwa mahali.

Mtu mwenye msemo kama huo atakutwaje na karatasi? Basi karatasi ikaingia mfuko wa ndani wa koti, koti likaenda stoo nyuma ya magunia ya pumba. Vikakaa.

Tuje leo. Milembe, mtoto wangu wa kwanza, ni muuguzi. Ana miaka thelathini na mmoja. Amesoma mpaka wanawake wa kisimani wakaanza kunipa pole bila msiba. Sasa amepata mtu, kijana mwenye akili, kwao ni Mkula, na leo saa nane wakwe walikuwa wanakuja kuongea mahari. Msemaji wao ni mjomba wa kijana. Na mjomba wa kijana ni nani? Mwalimu Maduhu. (Mungu naye ana utani.)

Saa nne asubuhi nikasikia mke wangu anasema stoo itasafishwa wapishi waweke vyombo. Nikawahi koti langu, nikaingia nalo chumbani kulificha. Nikafunga mlango. Nikaliangalia. Nikasema, nilivae kidogo tu, nione nitakavyoonekana siku ya safari.

Nikavaa juu ya shati jipya. Nikavuta zipu mpaka juu. Ikapanda vizuri, ikafika shingoni, ikang'ata ndevu zangu, ikakaa.

Mnazijua ndevu zangu. Nimezifuga tangu mashine ya kwanza. Nikivuta zipu chini, kidevu kinakwenda nayo. Nikitaka kulivua kwa kichwani, ndevu zinakataa. Jasho likaanza. Nikamwita mke wangu kwa sauti ndogo.

Akaja, akagusa mkono wa koti. "Baba Milembe, hilo blanketi umelitoa wapi?"

"Si blanketi. Leta mafuta ya kula."

Tukapaka mafuta. Zipu ikang'aa, haikusogea. Akaleta mkasi. Nikamuuliza unakata nini. Akasema, "Ndevu." Nikamwambia sitapokea wakwe nikiwa na nusu kidevu kama mbuzi aliyeugua. "Basi koti." Nikamnyang'anya mkasi. Koti lile ni la namba moja kwenye karatasi, ningemweleza nini?

Nikapanda bodaboda kwenda mjini kwa fundi cherehani, Shabani. Saa tano hiyo. Jua linachoma mpaka mbwa wamelala chini ya meza za nyanya. Mimi nimepita katikati ya Bariadi nimevaa kofia ya manyoya, maana hata kofia ilikuwa haitoki. Akina mama wa mboga wakasimama. "Mwangaluka, baba. Huko utokako kumenyesha mawe?" Sikuitikia. Dereva ndiye aliyeitikia, kwa kucheka.

Shabani akaweka miwani. Akaingiza koleo, akaingiza sindano, akaingiza sabuni. Mwishowe akanyooka. "Mzee wangu, hapa tunakata kimoja. Ndevu au koti."

"Hakikatwi kitu."

"Basi nenda navyo vyote," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Simu ikaita. Mke wangu. "Wamefika." Saa sita na nusu. Wakwe wa Mkula wamekuja mapema ili waonekane watu wa maana, na wamemkuta mwenye nyumba hayupo.

Nikaingia sebuleni na koti langu. Wamejaa. Upande huu kaka zangu wawili, upande ule baba wa kijana, shangazi zake, na Mwalimu Maduhu katikati kama kawaida yake. Wote wakageuka. Nikasalimia, nikakaa, nikasema, "Mnisamehe. Nina homa. Baridi kali."

"Pole, mkwe," akasema baba wa kijana. Mtu mpole, huyu sina neno naye.

Mwalimu akaniangalia kuanzia kofia mpaka viatu. "Koti hilo ni la nyuzi joto kumi chini ya sifuri," akasema. "Nilivaa kama hilo kule."

"Nimeazimwa," nikasema.

Kikao kikaanza. Mwalimu akasimama kusema wamekuja kuomba nini, na mnajua anavyosema, anaanzia mbali. Mimi nasikia nusu. Maji yananitiririka mgongoni mpaka kwenye soksi. Macho yakaanza kuona wajomba wawili. Kaka yangu akanigusa, akaona mkono unateleza, akapiga kelele Milembe aitwe.

Bibi harusi hatoki ovyo siku ya mahari. Leo katoka mbio na kipimajoto. Akanishika, akatazama, akasema mbele ya wote, "Baba, huna homa. Unapikwa."

Sikumbuki vizuri kilichofuata ila kisu. Kilikuwa kisu cha mbuzi, kimenolewa kwa ajili ya shughuli. Binti yangu akanipasua koti mgongoni kuanzia shingoni kwenda chini, kama anachuna.

Hakuna aliyenieleza kwamba ndani ya koti lile kuna manyoya ya ndege. Yakalipuka. Yakapanda juu, yakatanda sebule nzima, yakashuka polepole juu ya wakwe, juu ya soda, juu ya kilemba cha shangazi. Meupe. Mwalimu Maduhu akafungua kiganja, moja likatua. Akasema peke yake, kwa upole kabisa, "Hivi hivi ndivyo inavyoanguka."

Milembe ananimwagia maji kichwani. Kipande cha koti chenye zipu kimebaki kinaning'inia kwenye ndevu. Na karatasi, kutoka mfuko wa ndani, imeanguka pale pale miguuni pa Mwalimu.

Akaiokota. Mtu aliyefundisha miaka thelathini haachi karatasi chini. Akaifungua, akasoma kimya, uso ukakunjamana. Akamgeukia baba wa kijana. "Mahitaji yao wameyaandika."

Mnaona hapo? Siku ya mahari, upande wa binti una orodha yake. Karatasi imetoka mwilini mwa baba wa binti. Nani angedhani vingine? Nikataka kusema, mdomo una manyoya na maji. Mwalimu ameshaanza kusoma kwa ile sauti ya darasani.

"Moja. Theluji. Kuishika."

Baba wa kijana akatazama dari.

"Mbili. Ndege, kiti cha dirishani. Tatu. Misri, nione mawe yalivyopandishwa bila trekta. Nne. Uchina, kiwanda kilichotengeneza mashine yangu, nimtazame usoni aliyefunga ile nati." (Nyinyi wenye mashine mnaijua nati hiyo.) "Tano. Mji ule ambao sokoni wanakwenda kwa mtumbwi. Sita. Kuingia hifadhini kwa geti la mbele, nimekaa kwenye gari, mtu mwingine anionyeshe tembo."

Ya sita mtanielewa. Tembo nimewajua toka utoto, wanakula mtama wetu. Hifadhini nimeingia mara moja, nafuata ndama, nikatoka mbio kuliko ndama. Wazungu wanavuka bahari kuja kuona pale, mimi napaona kwa mgongo.

"Saba," akasoma Mwalimu. "Hoteli, wiki moja, mahali ambapo hakuna anayenijua wala mwenye shida."

Wakaomba ruhusa, wakatoka kushauriana nyuma ya banda la mashine. Kaka yangu mkubwa akanigeukia. "Theluji tunagawana vipi?" Akauliza kwa hasira kweli. Milembe amesimama na jagi la maji, ananitazama, na mimi namtazama, na uso wake unaanza kuharibika.

Wakarudi. Baba wa kijana ndiye aliyesema, si Mwalimu. "Mkwe, ng'ombe tumejiandaa. Mablanketi tunayo. Lakini mtu akidai kisichopatikana, sisi tunaelewa maana yake. Kama mmetukataa, tuambieni wazi, tupande gari, tusilaumiane."

Shangazi akachukua pochi yake. Watu wawili wakainuka.

Jamani, nilikuwa na njia mbili. Ninyamaze, niwe mzee mwenye tamaa aliyemfukuzia binti yake mchumba. Au niseme. Nikamwangalia Milembe tena. Nikasema.

"Karatasi hiyo si ya mahari. Ni yangu."

"Yako ya nini?" akauliza Mwalimu.

"Ya kwenda."

"Kwenda wapi?"

"Si umesoma."

Akaiangalia tena karatasi. Akaniangalia mimi, zipu inacheza kidevuni. Nilingoja aseme friji. Nilingoja aseme ng'ombe. Miaka yote ile ya kuchekwa, leo alikuwa na haki yake yote mkononi. Akasema neno moja tu. "Kumbe."

Afadhali angenipiga.

Aliyeanza kucheka si yeye. Ni mke wangu, mlangoni. Akacheka mpaka akashika ukuta, halafu wakwe wote, halafu kaka zangu, shangazi akarudisha pochi chini. Milembe akacheka huku analia. Mahari ikakubaliwa haraka sana. Nilikuwa nimepanga kubishana mpaka jioni, lakini ukiwa na manyoya puani hubishani vizuri. Walitaja, nikaitikia, tukala.

Walipoondoka, mke wangu akachukua mkasi, akakata ndevu bila kuniuliza. Hapo hakuwa anacheka tena.

"Miaka thelathini na miwili," akasema, "nakuomba unipeleke Mwanza kwa dada yangu. Unaniambia ng'ombe. Unaniambia mashine."

Nikasema mashine kweli ilikuwa na shida.

"Nimesikiliza zote saba," akasema. "Kila mahali umekata tiketi ya mtu mmoja."

Nimejenga nyumba, nimesomesha, nimekopesha nusu ya kata hii. Nikamwita Milembe alete kalamu, na sasa ninapoandika, jua linazama.

Karatasi imebandikwa ukutani sebuleni kwa gundi ya ugali. Milembe ndiye mwandishi, mama yake ndiye aliyesema. Juu ya theluji, juu kabisa ya namba moja, imeandikwa: Mwanza, kwa dada, watu wawili.

Tunaondoka kesho na basi la asubuhi. Anayetaka kucheka acheke leo, maana kesho ndani ya basi nitakuwa nimekaa kiti cha njiani. Dirishani kuna mwenyewe, mama yake Milembe.