Mama Phyllis Hajahama

Ruring'u, Nyeri.

Kwa Mzee Wambugu, mwenye nyumba,

KUH: MPANGAJI ALIYEONDOKA AKABAKISHA MACHO

Pokea salamu za heshima. Mimi ni Mwalimu Kioko, mpangaji wako mpya wa nyumba ya juu. Mama Phyllis alipohamia Kutus alibeba kila kitu, hata balbu. Alichoacha ni kamera ya usalama ukutani, yenye spika na king'ora. Wewe ulipaka rangi na kubadilisha kufuli, ukasahau kwamba kamera hiyo bado inatii simu yake. Nalalamika hivi:

1. Asubuhi yangu ya kwanza, nikiwa na taulo tu, ukuta uliniambia: "Mwalimu, funga hiyo dirisha, hapo baridi huingia mbaya." Nilifunga. Tangu hapo navalia bafuni.

2. Anakosoa upishi wangu. Alisema ati githeri yangu haijaiva, niongeze maji. Niliongeza, ikawa tamu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

3. Mchumba wangu Shirleen alipokuja kunitembelea, king'ora kililia hadi majirani wakatoka nje. Kisha Mama Phyllis akamhoji kutoka ukutani: ni wa wapi, anasali kanisa gani. Sasa wameelewana. Shirleen akifika husalimia ukuta kwanza, mimi baadaye, halafu wanapiga gumzo nikiwa jikoni nachemsha chai.

4. Hata usalama wenyewe nautilia shaka. Mwizi akiingia, nina hakika ataambiwa kwanza avue viatu.

Kwa hiyo naomba ubadilishe neno la siri la kamera. Ukishindwa, mwandikishe Mama Phyllis rasmi kama mpangaji mwenzangu, awe akija Jumamosi kwa zamu yake ya kuosha ngazi. Haiwezekani mtu ashinde nyumbani kwangu kutwa nzima bila kushika ufagio.

Nisalimie wote nyumbani, walioko shambani Giakanja, na bawabu wako anayenicheka kila nikipita getini.

Mimi mpangaji wako mvumilivu,
Kioko

Nyongeza: Tangu Jumapili ukuta haujasema neno. Nimeacha dirisha wazi, kimya. Nimeunguza wali makusudi, kimya. Jana Shirleen aliusalimia, akangoja, akaketi bila kuvua koti. Mzee, nina wasiwasi. Nambari ya Mama Phyllis unayo wewe. Tafadhali mpigie leo, umuulize kama yuko salama, na hilo neno la siri usiliguse.