Kuku Vipara wa Daktari Mafuta

Mafuta, aliyeitwa hivyo kwa jinsi ulimi wake ulivyoteleza, alibisha hodi kwa mjane wa fundi saa akiuza dawa ya panya, ambayo ilikuwa majivu matupu. Alipochungulia uani, panya wakamtoka akilini. Kuku thelathini walisimama kwa aibu, shingo tupu, mikia imepukutika.

Mafuta alijua kuku anayebadili manyoya huacha kutaga kwa muda, kisha hurudi na nguvu mpya. Akavaa uso wa msibani.

"Pole, mama. Huu ni upele wa mifupa. Ukitoka bandani unahamia jikoni."

"Yarabi! Nifanyeje, mwanangu?"

"Mimi ni daktari wa mifugo. Nitawatenga kwangu, niwatibu. Wakipona hata wawili, tushukuru."

Majirani walisikia yote. Mjane aliwafunga kuku kwenye matenga kwa mikono yake mwenyewe, huku akijifuta machozi.

Sasa Mafuta, ambaye hakuwahi kufanya kazi siku nzima, akaionja. Bila madini ya chokaa, mayai yangetoka na ganda laini kama ngozi. Kwa hiyo aliuza redio yake akanunua unga wa mifupa, akatwanga maganda ya konokono mpaka viganja vikaota sugu. Manyoya yakachipua. Wiki ya kumi likatoka yai la kwanza. Akaligonga mezani taratibu, likalia ko, ko. Nusura alibusu.

Asubuhi iliyofuata mlango ukabishwa. Alikuwa mjane, pamoja na mjumbe wa mtaa.

"Daktari, tumekuja kuchukua wagonjwa wetu."

"Mama, nasikitika. Walikufa wote."

Nyuma yake kuku aliyetoka kutaga akatetea kwa majivuno, na wenzake wakamwitikia.

"Marehemu wana sauti nzuri," mjumbe akasema, akapita ndani.

Wakati wa kupakia matenga, mjane alimsogelea Mafuta sikioni. "Kila mwaka wakinyonyoka nawalisha miezi miwili bila yai hata moja. Mwaka huu nimepumzika. Asante, mwanangu."

Mafuta akatoka barazani apate hewa. Majirani saba walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na tenga la kuku vipara.

"Tulieni," mjumbe akawaambia. "Daktari ataona wote."

Mafuta akakimbilia mlango wa nyuma. Huko nako alisimama bibi mmoja, ameshika bata.