Chembe Tatu Chini ya Ulimi

Mjomba Redio alikuwa ameyashinda magonjwa. Si mafua peke yake, wala kiungulia. Yote! Kwa maneno yake mwenyewe, kama wanadamu wangekuwa na akili ya kumsikiliza, hospitali zingegeuzwa maghala ya viazi kabla mwaka haujaisha.

Hakuwa daktari. Alikuwa fundi viatu, na kibanda chake kilijibanza ukutani mwa posta. Jina la Redio alipewa na wateja, kwa kuwa alizungumza tangu anafungua hadi anafunga na hakuna aliyewahi kukiona kitufe cha kumzimia.

Elimu ya tiba aliipata ndani ya kiatu. Mteja mmoja alikuwa amekunja kijitabu chakavu na kukisokomeza humo ili kiatu kisipoteze umbo. Redio alikitoa, akakikunjua, akakisoma mara mbili, na kesho yake akaamka bingwa wa homeopathi.

"Ni elimu ya kupunguza," alimweleza mwalimu mmoja aliyefuata viatu vyake. "Unachukua kitu kinacholeta ugonjwa. Tone moja! Unalitia kwenye matone tisini na tisa ya maji, unaigonga chupa kwenye ngozi mara mia. Halafu unachukua tone moja la maji hayo, unalitia kwenye matone mengine tisini na tisa, unagonga tena. Hivyo hivyo mara thelathini!"

"Na dawa inayobaki mwishoni ni kiasi gani?"

"Haibaki! Hapo ndipo inapokuwa kali kupita kiasi."

Mwalimu alikiinua kiatu chake cha kushoto. Soli ilining'inia kama ulimi wa mbwa mwenye kiu.

"Basi hiki umekibandika kwa gundi kali sana, Fundi. Maana siioni hata kidogo."

Redio hakuusikia mzaha. Alikuwa amekivalisha kiatu cha kulia kwenye kile chuma chake chenye umbo la mguu, na sasa alikigonga kwa kichupa: pa! pa! pa!

"Fundi! Hicho kiatu changu!"

"Ngozi halisi, Mwalimu. Kijitabu kinataka ngozi halisi. Tafadhali usinipotezee hesabu. Sitini na tatu, sitini na nne..."

Njia za kuitumia dawa alizijua zote, na alizigawa bure kwa watu, watake wasitake. Dada yake, mshona nguo, aliposhikwa na kipandauso aliambiwa anuse kichupa kwa tundu la kulia la pua, mara moja tu, asije akazidisha. Mwenye duka la pembeni alipokohoa aliletewa unga uliosagwa na sukari kwenye kinu kwa saa nzima. Mpwa wake, fundi umeme, alipojigonga kidole kwa nyundo aliamriwa atie tone moja kwenye glasi ya maji, akoroge, anywe kijiko kimoja, amwage yaliyobaki, ajaze tena, akoroge, anywe kijiko, amwage. Kidole kilipona siku ya tisa. Kuna jirani aliyejigonga siku hiyo hiyo, hakunywa chochote, akapona siku ya nane. Redio alisema huyo aliponywa na dawa ya mpwa wake kwa sababu vyumba vyao vinapakana.

Sasa, huyo mpwa fundi umeme alitaka kuoa.

Binti alimpata, na binti alikuwa radhi. Kilichobaki ni baba wa binti, karani mstaafu wa mahakama, ambaye alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Baba wa kijana alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo wa kwenda kusema naye alikuwa mjomba. Na mjomba mwenyewe alikuwa mmoja tu.

"Kaka, nakuomba," dada yake alimwambia juma moja kabla ya siku ya posa, sindano ikiwa bado mdomoni. "Maneno matatu tu. Tumekuja, tunaomba, asante."

"Hayo ni maneno ya kuombea chumvi! Mimi nimeandika kurasa kumi na moja. Naanzia kuumbwa kwa dunia."

"Mjomba," kijana alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyetania, "huyu binti ninampenda. Miaka mitatu namngoja. Baba yake akikataa, mimi nimekwisha."

"Atakataaje akishanisikia?"

Kijana na mama yake walitazamana.

Lakini Redio alikuwa na jambo lake ambalo hakumwambia mtu. Kibandani pake aliweza kuhutubia hata jeshi. Akiingia kwenye nyumba ya watu wenye makochi yanayolingana, mikono ilimtetemeka na tumbo likaanza kunguruma kwa sauti ya kusikika hadi chumba cha pili. Hilo lilitaka dawa, na dawa aliijua. Kinachomtetemesha mtu ni kahawa. Basi tone moja la kahawa, mara thelathini, na mipigo elfu tatu juu ya kiatu cha ngozi! Juma zima posta nzima ilidhani kuna anayejenga.

"Na mwiko mkubwa," alimwambia mpwa wake, "ni kunywa kahawa. Kahawa inaiua dawa."

"Lakini dawa yenyewe si ya kahawa, Mjomba?"

"Ndiyo!"

"Basi si..."

"Wewe shughulika na nyaya zako!"

Kijitabu kilisema matone hayo yanyunyizwe kwenye chembe za sukari ndogo kama mbegu za mtama. Redio hakuwa na chembe. Alikuwa na pipi, zile nyeupe ngumu, kubwa kama vifungo vya koti, ambazo mwanafunzi hunyonya tangu kengele ya asubuhi hadi ya mapumziko. Akaona sukari ni sukari. Akazinyunyizia tatu, akazianika juu ya gazeti, akazitia kwenye kikopo.

Masharti yalikuwa makali. Chembe haziguswi kwa mkono, humiminwa kwenye kifuniko na kutoka hapo moja kwa moja chini ya ulimi. Hazitafunwi, hazimezwi, hazitemwi. Na mtu hasemi neno mpaka ziyeyuke zenyewe, ama sivyo ugonjwa unarudi na kuongezeka mara mia. Hilo la mara mia halikuwemo kitabuni, alilitunga yeye kuwatisha wagonjwa, na kwa kulirudiarudia akawa analiamini kuliko wote.

Siku ikafika. Jumamosi, saa nne asubuhi, walivua viatu mlangoni kwa karani. Redio alichungulia ndani. Makochi manne yanayolingana! Kabati la vioo! Saa ya ukutani yenye mlango wake!

Redio aligeukia ukuta, akamimina kifunikoni, akabugia zote tatu.

Alikuwa amekadiria kwamba zitayeyuka wakati wa kusalimiana. Karani alikuwa mtu wa salamu fupi.

"Karibuni. Kaeni. Msemaji wenu ni nani?"

Dada yake alimtazama. Mpwa alimtazama. Redio, mashavu yamemtuna, aliinua kidole kimoja taratibu kuashiria wasubiri.

Wakasubiri. Saa ya ukutani ilisema tik, tak. Redio alinyonya kwa ustadi mkubwa, macho yameelekezwa darini. Pipi hazikupungua hata kidogo. Kurasa kumi na moja zilikuwa zimepangana kooni kama watu kwenye foleni, na mlango umefungwa!

Mke wa karani alileta kahawa. Redio alishtuka, akaisukuma sahani kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa mara tatu.

"Hata kahawa hanywi," karani alimnong'oneza mkewe.

Nusu saa ikapita. Mpwa alikuwa amelowa jasho hadi kwenye ukosi wa shati. Mwisho mama yake akaona aibu imewaelemea, akajikohoza.

"Mzee, tumekuja. Kijana wetu anampenda binti yenu. Tunaomba. Asante."

Karani alimgeukia Redio. "Ndivyo?"

Redio akaitikia kwa kichwa.

"Kijana ana tabia nzuri?"

Kichwa tena.

"Na akikosea, mtamwambia?"

Hapo Redio alikuwa na hadithi nzuri sana ya dakika arobaini. Machozi yalimlengalenga. Akaitikia kwa kichwa.

Karani aliivua miwani, akaifuta polepole kwa ncha ya shati.

"Miaka thelathini na mbili nimekaa mahakamani nikiandika maneno ya mawakili," alisema. "Maneno yamenichosha. Sasa niwaambieni kweli. Nilisikia kwenu kuna mjomba, fundi viatu. Rafiki yangu alipeleka kiatu kwake, akarudi baada ya saa nne hana kiatu, kichwa kinamuuma, na amenusishwa kichupa! Nikamwapia mke wangu: siku huyo mtu akiingia hapa na kufungua mdomo, hakuna binti wa kuoa. Mmefanya la maana kumwacha nyumbani."

Karani aliirudisha miwani usoni, akamtazama Redio.

"Na huyu mzee mwenye heshima zake, ni nani wenu?"

Wakati huo huo, pipi ya mwisho iliyeyuka. Redio alihisi ulimi wake umekuwa huru. Akavuta pumzi, kifua kikajaa. Angemweleza huyu karani fundi viatu ni nani! Angemtajia kila aliyepona!

Akamwona mpwa wake. Kijana hakumkonyeza wala hakumkanyaga mguu. Alikuwa ameinama anaangalia zulia, kama mtu anayengoja hukumu. Redio ndiye aliyembeba huyu mgongoni siku baba yake alipozikwa, na alimpenda kuliko alivyoipenda sauti yake, ingawa hakuwahi kujua mpaka dakika ile.

Akafunga mdomo. Ilimuuma kuliko kung'olewa jino.

"Huyu ni jirani yetu," dada yake alisema. "Si mtu wa maneno."

"Naona!" Karani alisimama, akamshika Redio mkono kwa mikono yake yote miwili. "Jirani, binti nimetoa! Lakini kwa sharti moja. Siku ya harusi, msemaji wa pande zote mbili uwe wewe. Kipaza sauti nitakukabidhi mwenyewe mbele ya wageni mia tatu. Usimame nacho hivi hivi ulivyokaa leo, kisha uketi."

Redio alitazama mlango, akatazama dari, akamtazama dada yake.

"Ataweza, Mzee," dada yake alijibu upesi. "Tutamfanyisha mazoezi kila siku."